Kioo Changu Kimevunjika

Ujumbe ulinikuta kwenye maegesho ya supamaketi hapa Nizwa, mkono mmoja umebeba mfuko wa vitunguu, mwengine unatafuta ufunguo wa gari. Ulitoka kwa mtu ambaye nilikuwa sijapata kumwona ila kwenye picha: Kolm, mtoto wa Bi Brij, mwalimu wangu wa zamani. Baada ya salamu na kuniomba radhi kwa usumbufu, aliuliza jambo moja tu. "Mara Haba ni nani? Mama anamtaja kila mtu anapoingia chumbani. Tumeuliza ukoo mzima, hakuna anayemjua." Mama yake alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, mjini, huko kwao Ayalandi. Kumbukumbu ilikuwa imeanza kumwacha, na Kiingereza kilikuwa kimemtoka karibu chote. Alikuwa amebaki na Kiairishi, lugha aliyozaliwa nayo, ambayo wauguzi wake hawakuijua na mtoto wake hakuijua. Jirani wa zamani alikwenda kumtazama akawatafsiria mengi, lakini hilo moja lilimshinda. Si Kiairishi, alisema. Basi wauguzi walikuwa wameshakubaliana kwamba bibi anapayuka.

Vitunguu vilinidondoka, vikabiringika chini ya gari ya mtu. Mimi hulipwa, ingawa si sana, kuandika makala za kuwaeleza watu maana ya mambo, na pale juani sikuweza kuandika hata herufi moja ya kujibu. Maana Mara Haba namjua. Nilikuwepo siku alipozaliwa, jikoni kwa bibi yangu, katika mji wa Ibra.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini, nasomea ualimu wa Kiingereza kwenye chuo kimoja pale Ibra, na nakaa kwa Bi Zuwena, mama wa baba yangu. Wazazi wangu walikuwa wakiishi mji wa Manah. Habari za nani alitoka Unguja lini akaja huku Uarabuni, na alipanda chombo gani, kila familia yetu inazo na kila mwenye kalamu ameshaziandika, kwa hiyo nitampumzisha msomaji. Ninachotaka akione ni jiko. Lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja linalotazama mitende ya jirani, na Bibi alikataa kupika kwa kusimama. Jiko la gesi la miguu minne alilonunuliwa lilifunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake pakawekwa redio. Yeye alipika chini, kwenye jiko dogo la gesi, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi hata siku ambazo hapakuwa na nazi. Kiswahili chake kilikuwa cha Mji, yaani Unguja mjini, cha watu wazima wa zamani, na yeye alinisemesha hicho tu. Mimi nilimjibu kwa Kiarabu. Hatukuona ajabu yoyote. Nyumba zote za mtaa wetu ziliishi hivyo: wakubwa wanauliza kwa lugha moja, wadogo wanajibu kwa nyengine, na kati yao chakula kinaiva.

Ghorofa ya juu alipangishwa mwalimu mgeni wa chuo. Jina lake huandikwa Bríd, na kwao hulitamka Brij. Bibi alipoambiwa kwamba kwa Kiingereza neno hilo linasikika kama daraja, akamwita Bi Daraja moja kwa moja. Mimi nilibaki na Bi Brij. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye nywele za rangi ya mdalasini, na siku ya kwanza alishuka ngazi, akachungulia jikoni, na kwa furaha ya mtu aliyejifunza neno njiani kutoka uwanja wa ndege akasema, "Marahaba!"

Bibi alikuwa anachagua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Huyu kaniitikia," alisema. "Salha, huyu mama kaniitikia. Nimemwamkia lini mimi?"

"Bibi, ni Kiarabu. Anasema marhaba. Ni salamu tu."

"Kiarabu nakijua kabla hujazaliwa. Mimi nimekaa kwangu na mvi zangu, mtu aingie aniitikie marahaba, kama mimi ndo mtoto nimemshikia miguu? Ebo!"

Ilinibidi nimweleze mgeni, kwa Kiingereza changu cha kujipinda mdomo, kwamba ameingia katika nyumba ambamo neno moja lina kazi mbili. Kwa Waarabu humsalimia mtu yeyote. Kwetu ni jibu, na mwenye haki ya kulitoa ni mkubwa, baada ya mdogo kusema shikamoo. Nilidhani angeona aibu. Badala yake akakaa chini palepale sakafuni, akaniomba nirudie, akamgeukia Bibi na kusema kwa makini sana, "Shikamoo."

"Marahaba, umekula?" alijibu Bibi, kwa pumzi moja, maana kwake yalikuwa neno moja. Tangu siku hiyo nami niliamriwa kumwamkia Bi Brij. "Ni mkubwa wako," alisema Bibi. "Uzungu si umri."

Mshtuko wangu wa kwanza ulikuwa kooni mwa Bi Brij. Wageni wote tuliowahi kuwaona waliisema *khamsa* kama *kamsa*, na *ghali* ikawatoka kama mtu anayesukutua. Bi Brij alikwenda na Bibi soko la wanawake la Jumatano, akashika kanga, akasema "Ghali!" kwa *gh* ya ndani kabisa, mpaka muuzaji akamwangalia mara mbili. Nikamuuliza amejifunzia wapi. "Nyumbani," alisema, na akageuka kutazama udi.

Wa pili ulikuwa kwenye ngazi. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye kipandio cha katikati, penye mtandao mzuri, akapiga simu. Lugha aliyosema haikuwa Kiingereza. Ilikuwa imejaa hizo *kh* na *gh*, halafu ghafla inalainika, halafu kicheko. Ami Nasor, ndugu wa baba, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili na kula kwetu, aliweka kikombe cha kahawa chini akasikiliza.

"Huyu jasusi," alinong'ona. "Wallahi hii si lugha ya watu. Hii ni ya siri."

"Jasusi gani anacheka vile?" alisema Bibi. "Yule anasema na mamake. Hebu kula vitumbua."

Wa tatu ulinikuta mbele ya mtahini. Nilikuwa nimejipa kazi ya kumwiga Bi Brij kila sentensi, maana niliamini kwamba Mungu amenishushia Kiingereza chenyewe, kisicho na maji, kwenye ghorofa ya nyumba yetu. Wenzangu chuoni waliniita Malkia. Basi siku ya mtihani wa mazungumzo akaja Muingereza mmoja aliyevaa tai kwenye joto lile, akaniuliza kwa upole kama nimekula. Kwa fahari nikamjibu kama Bi Brij anavyojibu siku zote, jambo ambalo likiletwa kwa Kiswahili ni hili: "Mimi niko baada ya kula." Yule bwana akatua kalamu. Akaniuliza kama nimewahi kuishi Ayalandi. Sikuwahi hata kuishi mji wa Sur.

Nilipanda ngazi zile nikiwa na hasira ya kitoto. Chumba chake kilikuwa na meza, kitanda, na ramani ya pwani iliyokatikakatika kama mkate uliogombaniwa. Alikuwa anachemsha mayai.

"Umenifundisha makosa," nilimwambia.

"Si makosa. Ndivyo tunavyosema kwetu. Ni Kiairishi kimevaa nguo za Kiingereza."

"Kwani wewe si Mwingereza?"

"Wala," alisema. "Na Kiingereza si lugha yangu. Nilikianza skuli. Mama yangu mpaka leo akikisema anatoka jasho."

Nilikaa kitandani kwake bila kukaribishwa. Sijui msomaji atanielewa vipi. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba yenye lugha ya jikoni na lugha ya barazani, na niliamini kuwa aibu hii ni yetu peke yetu; kwamba wazungu hufungua mdomo na lugha ya skuli hutoka tayari imenyooka. Kumbe malaika wangu naye alijifunza kitabuni, na akichoka, lugha ya mamake inachungulia. Akanionesha kwa kidole, kwenye ile ramani, vipande vya pwani ya magharibi alivyovitia rangi. Humo, alisema, dukani ni Kiairishi, kanisani Kiairishi, mbwa anafukuzwa kwa Kiairishi. Serikali yenyewe imevichorea mipaka na vibao vya barabara havina lugha nyengine. Ukitoka kijiji kimoja ukavuka daraja, unakuta watu ambao babu zao walisema hivyohivyo na wao hawana hata neno. Jina la sehemu hizo ni Gaeltacht, akalitamka kwa *kh* ya khamsa mwishoni.

Nikambeba na habari yake mpaka jikoni, maana jambo kama lile singeweza kulibeba peke yangu. Bibi alitaka lote, na mimi nikawa mkalimani, huku Ami Nasor amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Yaani serikali imechora ramani?" aliuliza Ami. "Hapa semeni hivi, pale vile?"

Bi Brij akaeleza kwamba watu wa mijini, waliokwishaipoteza lugha hiyo, huwaleta watoto wao huko kila likizo ya kiangazi. Watoto wanalala kwenye nyumba za wenyeji, na mwanamke mwenye nyumba huwapikia na kuwasikiliza. Sharti ni moja. Mtoto akikutwa anasema Kiingereza anaonywa, na akirudia anapandishwa basi, anarudishwa kwao. Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake hao. Amelisha watoto wa watu miaka mingi kwa viazi na samaki.

"Na wewe mwanao anakwenda?" aliuliza Bibi.

Bi Brij akakoroga chai isiyokuwa na sukari. Alimpeleka, alisema, Kolm wake wa pekee, akiwa na miaka kumi na tatu. Alikuwa amemlea mjini kwa Kiingereza. Nyumbani kwake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kuwa hakutaka achekwe skuli kama alivyochekwa yeye. Alipoona amekosea akampeleka kwa bibi yake akafundishwe pamoja na wageni. Mtoto akaonywa, akarudia. Bibi yake akampandisha basi.

"Bibi yake wa damu?" Ami Nasor aliuliza.

"Wa damu. Alisema sharti ni sharti, na watoto wa watu walikuwa wanatazama. Kolm hajarudi tena kule. Na neno moja la Kiairishi halimtoki."

Nilimaliza kutafsiri. Nilitegemea Bibi alaani. Bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha uso ukabadilika ghafla kama taa iliyozimwa. "Masikini kijana," alisema. "Na masikini bibi yake. Angelimnyima chakula tu, ingelitosha."

Kesho yake ndipo tulipojua kuwa amelifanyia kazi. Nilirudi chuoni na njaa, akaniwekea sahani ya wali na mchuzi wa papa, akauliza, "Umekula?" Nikajibu kwa Kiarabu kuwa bado. Sahani ikaondoka.

"Hapa jikoni ndo Galtakht," alisema. "Kiarabu kinaishia kizingitini pamoja na viatu. Na usinijibu *eh*, usinijibu *la*. Bi Daraja anasema kwao hakuna ndiyo wala hapana. Umekula? Nimekula. Umefunga mlango? Nimefunga. Nataka kitendo."

Ami Nasor alipoteza vitumbua vyake wiki hiyo kabla hajaamini. Mimi nilikonda, kisha nikaanza kusema. Nilisema *kiti yangu* nikarekebishwa, *mtu hii* nikapigwa na mwiko begani, na Bi Brij, ambaye alijifunza sambamba nami, aliniacha nyuma upesi kwa sababu hakuwa na aibu. Ilikuwa miezi ya raha. Naieleza kwa sababu nilidhani imenitosha. Nilidhani nimeshakijua Kiswahili cha bibi yangu.

Siku moja nilitoka chuo alasiri, nikamkuta Bibi amekaa kwenye kizingiti cha choo, ameegemea ukuta, uso umempauka na jasho linamtiririka. Hakusema ameanguka. Ami Nasor alimbeba mpaka kwenye gari, akamfikisha hospitali ya karibu. Daktari alikuwa kijana mpole kutoka nchi nyengine ya Kiarabu. Alimwita Bibi *mama*, akamuuliza leo siku gani. Bibi, aliyekuwa anasema Kiarabu chake vizuri tu sokoni, alimtazama kama hajapata kukisikia. Akamwomba anyanyue mguu wa kushoto. Mguu haukunyanyuka. Akataka kufunua shuka, Bibi akaikamata kwa mikono miwili, akamgeukia mwanawe na kusema jambo, polepole, kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?" aliuliza daktari.

Ami Nasor akainama. "Sema tena, mama."

Nilikuwa kichwani pake, na nililosikia mimi ni hilihili alilosikia Ami: "Kioo changu kimevunjika, Nasor."

Sitasahau Ami alivyonyoosha mgongo. "Anasema kioo chake kimevunjika," alimwambia daktari kwa Kiarabu, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Kwa bahati mbaya ilikuwa kweli. Bibi alikuwa na meza ya kujipambia, na kioo chake kilikuwa na ufa tangu sijazaliwa. Daktari akatutazama kwa huruma ambayo bado naiona. Mguu haunyanyuki, lugha imepotea, mawazo yako kwenye kioo: alifikiri ni kiharusi, na kwa tuliyompa, nani angemlaumu? Ami Nasor alikuwa na lugha tatu na alijivunia zote, lakini Kiswahili chake kiliacha kukua siku aliyopanda meli, akiwa mtoto wa kubembea mkono wa mamake. Changu kilikuwa na umri wa miezi.

Kila siku alisema lilelile, na kila siku kwa sauti ndogo zaidi. Ami akaona amfurahishe. Alikwenda sokoni akanunua kioo kipya chenye fremu ya dhahabu, akamletea, akakisimamisha mbele ya uso wake. Bibi akajitazama. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka kwa homa.

"Mnanionesha nini?" alisema. "Nishakuwa maiti?" Akageukia ukuta, na tangu hapo hakutusemesha.

Daktari alianza kututayarisha: huenda akabaki hivi, alisema. Nje, kwenye viti vya plastiki vya ujia, nilimsikia mke wa Ami akisema, bila ubaya wowote, kwamba chumba cha nyuma kinatosha, kitiwe kiyoyozi na mlango ufungwe kwa nje asije akatangatanga. Ami akasema atafikiri. Bibi yangu, aliyekuwa juzi tu ananinyang'anya sahani, alikuwa anatengewa chumba cha kufungwa kwa nje, na mimi nilikuwa nimekaa pale nimeshika mkoba wake, naelewa kila neno ila la kwake.

Jioni hiyohiyo akaja Bi Brij na chupa ya chai. Ami, kwa ile mizaha ya watu waliochoka, akamhadithia kisa cha kioo. Hakucheka. Uso wake ulikuwa mweupe tangu asili, lakini niliuona ukizidi.

"Mama yangu alilazwa mjini, majira ya baridi yaliyopita," alisema. "Alikuwa na homa, Kiingereza kikamkimbia. Akawa anamwambia muuguzi *tart, tart*. Kwetu maana yake kiu. Kwa Kiingereza ni kitobosha kidogo cha unga na jamu. Muuguzi msichana mwema sana. Akenda kumnunulia. Mama anakufa kwa kiu, wanamlisha kitobosha kikavu, na yeye analia, anasema *tart*, na wao wanamwongeza. Nilipofika walikuwa wameshaniandalia habari kwamba akili zimemruka." Akanishika mkono, kwa nguvu. "Salha. Hilo neno la kioo. Mna hakika? Nani aliye hai ana umri wake na anasema kama yeye?"

Alikuwepo mmoja: Bi Nunu, mdogo wake, aliyekaa Sur, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hatukumwambia habari za ugonjwa kwa kuogopa kelele zake. Ami alisitasita, kisha akampigia. Bi Brij akachukua simu mkononi mwake, akaibonyeza mpaka ikawa inasikika kwa wote, akaiweka juu ya mto.

"Zuwena! Wee Zuwena! Una nini, dada yangu, hawa watoto wananificha?"

Bibi akafungua macho. Akasema lilelile, kwa pumzi iliyobaki.

"Kipi?" aliuliza Bi Nunu. "Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto."

"Mama mdogo," Ami aliingilia, "kioo hakina kushoto."

"Kioo? Nani kataja kioo? *Kiweo*, wee Nasor! Ki-we-o! Mnataka nitaje paja kwenye simu mbele za wanaume? Haya, paja! Nimelitaja! Mamako kavunjika paja na wewe unanambia kioo!"

Sauti ilijaa chumba. Mgonjwa wa kitanda cha pili alinyanyuka kutazama. Ami Nasor alikaa kwenye ukingo wa dirisha, na kile kioo cha dhahabu kilikuwa nyuma yake, kinatuonesha sote tulivyokuwa na midomo wazi. Daktari alipoitwa, na Bibi alipokubali muuguzi wa kike afunue shuka, mguu ulikuwa pale kwa kila mwenye macho: mfupi kuliko mwenziwe, unyayo umelala nje. Ulikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, chini ya shuka aliyoikamata kwa heshima. Mfupa ulikuwa umekatika juu kabisa, karibu na nyonga. Neno *paja* alikuwa nalo, na angelilisema kila mtu angemwelewa. Lakini mbele ya mwanawe na daktari mwanamume, mwanamke aliyelelewa kama yeye hataji paja. Alichagua neno la adabu, na adabu yenyewe ndiyo tuliyokuwa hatukuirithi.

Alipelekwa Maskati, akapasuliwa, akarudi na mkongojo alioutumia zaidi kutupigia sisi. Alipozinduka usingizi wa dawa, jambo la kwanza alilouliza ni kile kioo kiko wapi. "Msikirudishe dukani," alisema. "Kizuri." Chumba cha nyuma kiliendelea kuwa cha magunia ya mchele, na hakuna aliyekitaja tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mkataba wa Bi Brij ulipokwisha alirudi kwao kumtunza mamake, na siku ya kuondoka alimwamkia Bibi kwa kupiga goti, Bibi akamwitikia, akamuuliza kama amekula, akamjazia mkoba vitumbua ambavyo nadhani vilidondosha mafuta juu ya nchi kadhaa.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimesimama juani. Mwisho nikaingia garini, nikamwandikia Kolm kwamba Mara Haba si mtu. Ni jibu. Mama yako kila akisikia mtu anaingia anadhani ameamkiwa, naye sasa ni mkubwa, anaitikia. Akauliza: "Anaitikia nini?" Nikaona maelezo hayatafaa. Nikaiweka simu karibu na mdomo nikasema, kama nilivyoamriwa, "Shikamoo, Bi Brij," nikaituma.

Sauti iliyorudi ilianza na magurudumu ya kitoroli na televisheni ya mtu. Halafu nikajisikia mwenyewe, mbali, nikiamkia. Halafu yeye, kwa sauti iliyochakaa, kwa pumzi moja, na kwa mwendo uleule wa Bi Zuwena anayechagua mchele: "Marahaba, umekula?"

Kolm aliandika upesi, herufi zinarukana. "Amecheka. Ameongeza kitu. Ananitazama mimi, ananingoja. Anataka nini?"

"Anakuuliza kama umekula," nilimjibu. "Usimwambie ndiyo. Mwambie: ni-me-ku-la."

"Sijala tangu asubuhi."

"Mwambie umekula."

Ikarudi sauti nyengine. Ya mwanamume, nzito, inashuka silabi moja moja kama mtu anayeshuka ngazi gizani: ni, me, ku, la. Na mama yake akajibu, "Haya," kwa kuridhika kabisa, kama mlango uliofungwa vizuri. Niliisikiliza na bado siamini. Mtoto aliyepandishwa basi kwa lugha ya bibi yake, na mama aliyemnyima lugha hiyo kwa mapenzi, walikuwa wamekutana mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa sakafu ya jiko letu la Ibra. Bi Brij amefariki wiki iliyopita. Kolm ameniambia kuwa mpaka siku ya mwisho walikuwa na maneno hayo mawili, na kwamba alikuwa anafika kila siku ameshakula kweli, ili asimdanganye.

Siku ile ya vitunguu nilifika nyumbani nikapika. Binti yangu, anayesoma chuo na kunijibu kwa Kiarabu tangu alipoanza kusema, aliingia jikoni na simu yake. Nikamwekea sahani. "Umekula?" nikauliza. Akajibu kwa Kiarabu kuwa bado, bila kunyanyua macho. Nikaichukua sahani.

Alinyanyua macho. Akaniuliza, kwa Kiarabu, nina nini leo. Nikamwambia kwamba hapa jikoni ndo Galtakht, na akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa anayepayuka. Nikangoja, sahani mkononi, mchuzi unapoa.